Mwano Haukufika

Mwalo wa Bugasale,
Kupitia Kamanga,
Sengerema.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Jonathan,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hamjambo huko Dar es Salaam? Shemeji Rebeka hajambo? Na mwanao Favour, ile homa imemwachia? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama miguu inamsumbua, lakini bado anakwenda shambani mwenyewe, na ukimzuia anakutukana.

Usiucheke mwandiko wangu. Simu zetu siku hizi ni za kuangalia saa tu, kwa sababu mnara wenu umechomwa moto. Najua ofisini mmeshaambiwa. Nilikuwa Kamanga nikamsikia bosi wenu redioni akitangaza kwamba faida ya kampuni imepanda, na kwamba huku ziwani wahalifu wachache wameharibu mtambo. Nusura niipige ile redio teke. Hao wahalifu wachache ni kijiji kizima, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa kaa chini nikueleze.

Obedi jirani yetu, yule aliyekufundisha kuogelea, amekufa. Tumemzika wiki iliyopita, bila mkono wa kulia.

Alikuwa anarudi kuvua dagaa na Otuoma, alfajiri, taa za mwalo wanaziona kabisa, majambazi wakawazingira kwa boti. Walitaka mashine ya mtumbwi. Obedi akatoa simu ampigie Josephat, kamanda wetu wa sungusungu, ili apige mwano. Hakuna mtandao. Akapiga tena na tena huku wanamkata mapanga, mpaka wakaukata mkono wenyewe ulioshika simu, ukatumbukia majini. Kisha wakammalizia kwa risasi. Otuoma alijitosa akashikilia dumu, maji yakamsukuma hadi nchi kavu, ndiye aliyetusimulia. Hadi leo akila anatapika.

Mwano unaujua. Tangu enzi za babu, yowe hilo likipigwa, kila mwanamume anayelisikia anatoka na silaha yake, na asiyetoka anahesabiwa kuwa mwenzake mwizi. Ni wewe, ulipokuwa ofisa mauzo wa kampuni hapo Mwanza, uliyekuja kutuambia tuachane na baragumu la kupigia mwano. Tujiunge wote na laini yenu, sungusungu wapigiane bure, mwano ufike mialo yote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Tukatupa laini za kampuni ile nyingine. Mkauteka mwambao mzima, wewe ukapandishwa cheo ukahamia makao makuu, na baragumu la Josephat likaliwa na mchwa.

Halafu Krismasi ukaja na kompyuta, ukatuonyesha ramani ya minara na mkakati mpya wa kupunguza gharama. Minara inayokula dizeli nyingi na kuingiza kidogo izimwe usiku mpaka jua lichomoze, kwa kuwa saa hizo watu wamelala na hawanunui muda wa maongezi. Ukasema wazo ni lako, na wakubwa wamekupa mkono. Sisi tukapiga makofi, Obedi akiwemo. Hakuna aliyeuliza ni minara ipi. Lakini Jonathan, wewe umezaliwa mwaloni! Umesahau kwamba wavuvi wa dagaa wanalala mchana?

Asubuhi ile mwili ulipoletwa, Josephat alipiga mwano kwa koo lake, kama zamani. Tukajaa ufukweni. Mtu akasema jenereta la mnara halikusikika tangu jana. Basi, kwa sheria yetu, aliyeuzima ndiye aliyeunyamazisha mwano, na huyo ni mwizi. Tukaenda mnarani mbio. Nilikuwa na panga, nalia, nataka kuua. Sikukumbuka hata kidogo mlinzi wa pale ni nani.

Ni Nkwabi, mume wa dada yetu Selina. Walimpiga kwa bakora na minyororo ya baiskeli mpaka akavunjika mkono na taya. Hakutaja mtu. Agizo la kuzima usiku lilimfikia jana yake, akazima, na alijua wazo limetoka kwa nani, maana ulimtania mwenyewe Krismasi kwamba sasa atalala usingizi wa pono. Selina akajitupa juu ya mumewe, naye wakamchapa mgongoni mpaka gauni likaloa damu. Mmoja akaleta dizeli ammwagie Nkwabi. Ndipo nikapiga kelele: "Mwacheni! Aliyezima ni mdogo wangu! Ni Jonathan!"

Josephat akasema, "Rudia, Yakobo." Nikarudia. Wakamwachia Nkwabi, dizeli wakalimwagia jenereta, moto ukapanda mpaka nyaya zikawa zinadondoka.

Polisi walikuja, wakaondoka na vijana kadhaa. Nkwabi amelazwa Mwanza. Wewe unakula kuku kwa mrija, mwenzio anakula uji kwa mrija, na huo mrija wake ni wa kweli.

Kampuni ile nyingine haikungoja hata matanga yaanuliwe. Wameweka hema na muziki, wanagawa laini bure, wanaapa mnara wao utatumia jua na hautazimwa. Foleni imefika kanisani. Mtaona kwenye takwimu zenu kwamba mmepoteza mwambao wote, mtaitana vikao kutafuta sababu. Waambie sababu inaitwa Obedi.

Sasa lililo zito. Sungusungu wametutenga. Hatusalimiwi, hatuuziwi chumvi, na mtumbwi wangu hakuna anayekubali kuupanda. Juzi wanawake walimzuia Mama kisimani, mmoja akamsukuma akaanguka, akarudi na ndoo tupu. Wanatuimbia kikulacho ki nguoni mwako. Josephat alinijia akasema, "Aje mwenyewe asimame kaburini, aseme mbele ya Tereza, mjane wa marehemu. Asipokuja, hata mkifa mtazikana wenyewe." Na Mama ni mzee, Jonathan. Sitaki kuchimba kaburi lake peke yangu.

Sitakudanganya: wapo vijana walioapa kukukata mkono kama alivyokatwa Obedi. Mama amenikataza nisikuite. Mimi nakuita. Usije na fulana ya kampuni wala rambirambi yao iliyochapwa. Njoo na mdomo wako. Nimekukasirikia mpaka kifua kinauma, na nikikuona kibao cha kwanza kitatoka kwangu, mbele za watu. Baada ya hapo asikuguse mtu.

Selina anakusalimu, ingawa ilibidi nimbembeleze. Otuoma hakutuma salamu. Mama anawabusu wajukuu, na anamwambia Rebeka asikuruhusu kusafiri. Barua hii anaivusha Winnie, binti wa Selina, akienda kumwona baba yake hospitali, kisha ataikabidhi kwenye basi. Mungu akulinde njiani, na akupe ulimi wa kusema kweli siku utakapoihitaji.

Jumamosi nitakuwa Kamanga kuanzia kivuko cha kwanza. Panga nimelinoa. Utatembea nyuma yangu mpaka kaburini, na anayetaka mkono wako ataanza na wangu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata leo,
Yakobo