Baridi ya Mowlem

Jumatano, 2 Julai
Siku ya tatu nguo ziko kwenye kamba, bado mbichi. Kwetu Kilifi leso hukauka kabla sijamaliza kuanika ya pili. Mume wangu Mutua, seremala wa Gikomba, ameniletea sweta mbili za mtumba. Nimezivaa zote. Bado natetemeka. Nachukia hapa Mowlem, Nairobi.

Ijumaa, 4 Julai
Manyunyu tangu asubuhi. Mwanangu Amani anakohoa. Miezi minane, hajawahi kuvaa soksi. Nimeziba upenyo wa mlango kwa gunia. Majirani hunisalimia wakiwa nje. Hakuna anayeingia. Wakifika mlangoni petu hushusha sauti. Kwa nini?

Jumamosi, 5 Julai
Chini ya kitanda kuna duara jeusi, simenti imeungua. Nimesugua. Halitoki. Mchana nikaota mwanamke amechutama hapo, anaota moto. Sikumwambia Mutua.

Jumanne, 8 Julai
Kichwa kinapasuka.

Jana Mutua alipoenda kazini niliingiza jiko ndani. Makaa mekundu, hata moshi hayana. Nikafunga mlango. Joto! Nikahisi niko kwetu. Nikamlaza Amani kifuani. Usingizi ukaja mtamu.

Kisha mlango ukavunjwa. Mama Njeri, jirani wa ukuta mmoja, akanivuta hadi koridoni. Alimsikia mtoto akilia, halafu kimya cha ghafla. Amani alikuwa amelegea. Mama Njeri akampiga nyayo, akamwita, akampiga tena. Amani akalia. Sauti ndogo kama ya paka.

"Kwani bwanako hakukuambia?" Mama Njeri alilitoa jiko nje. "Mama aliyekuwa hapa mwaka jana, na wasichana wake wawili. Jiko hivi hivi. Tuliwatoa asubuhi wakiwa wamekufa."

Mutua aliporudi nilimwuliza. Akafunika uso. Alijua. Aliogopa ningekataa kuja.

Alhamisi, 10 Julai
Zahanati wamesema Amani yuko sawa. Mimi siko. Simsemeshi Mutua. Nimemwomba Mama Njeri majina yao. Anayakumbuka yote: Wavinya, Mwende, Mumbua. Nimeyaandika ili nisiwaite tu "wale".

Jumapili, 13 Julai
Mutua amepata chumba mtaa wa Umoja. Tunahama mwisho wa mwezi. Mpaka hapo, mlango wazi, baridi iingie itakavyo.

Baada ya kanisa Amani alilala. Nilinyoosha mkono nimsikie pumzi. Nikakuta kiganja cha Mutua kimeshatangulia, puani kwa mtoto, kinangoja. Sikukiondoa.