Imejibiwa kwa Jina Langu

3 Machi
Mwanangu kipenzi,
Hujambo huko uliko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Leo fundi simu amenifungulia barua pepe yangu kwenye simu yangu mwenyewe. Akaniuliza, "Mama, uwe unaingia peke yako, au mwanao aendelee kuziona?" Nikasema peke yangu. Neno la siri nimelichagua mwenyewe, hata wewe sikutajii. Kaka yako amenuna. Miaka miwili ananisomea barua zako na kuandika majibu yangu huku mimi nikishona, sasa anaona nimemtilia shaka.
Mama yako

9 Machi
Mama, shikamoo.
Pole na magoti. Kwa kuwa sasa najua unasoma mwenyewe, nakuuliza bila kuzunguka. Mwezi wa kumi na moja nilikuandikia kuwa mashine ya kupigia pasi mashuka hapa kwa dobi imetoka kinga ya kuzuia mikono, imeshamuunguza mwenzangu, na msimamizi anasema anayeogopa aondoke. Nikauliza, nirudi? Ukajibu siku ileile nivumilie. Nimebaki kwa neno lako, Mama. Ulimaanisha?
Mwanao

10 Machi
Mwanangu,
Salamu baadaye. Barua hiyo sikusomewa. Nimetafuta kwenye zilizotumwa, nimelikuta jibu: "Vumilia, mwanangu. Kila kazi ina shida zake. Mama yako." Nikamwita kaka yako alisome kwa sauti. Alipofika kwenye "Mama yako" akaketi chini. Anasema daktari alikataza nishtuliwe, alihofia presha yangu. Nikamwambia, "Presha ni yangu, na mtoto ni wangu."
Ondoka hapo leo. Usiage mtu.
Mama yako

15 Machi
Mwanangu, u mzima? Nafungua simu kila nikimaliza mshono mmoja. Andika hata neno moja.
Mama

2 Aprili
Mama, shikamoo.
Naandika kwa mkono wa kushoto, makosa uyasamehe. Barua yako ya tarehe kumi iliingia nikiwa kazini. Simu zetu tunaziacha kwa msimamizi mlangoni, kwa hiyo nimekuja kuisoma hospitali. Mashine ilinishika kabla ya saa ya kutoka. Mkono wa kulia wameukata kwenye kiwiko.
Narudi Jumamosi ijayo. Uje kunipokea wewe. Kaka usimfukuze, najua alikuwa anakulinda. Ila siku hiyo abaki nyumbani. Bado sijajua nitamwambia nini.
Mwanao