Mgonjwa Wangu wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kwenye usaili! Shahada ya uzamili, uuguzi wa afya ya akili. Nafasi kumi, waombaji hawahesabiki. Ni Jumatano ya wiki ijayo. Ujumbe nimeusoma nikiwa stoo ya wodi, nikaruka, nikaangusha trei nzima ya sindano. Furaha imedumu mpaka nilipomaliza kuziokota. Baada ya hapo ni wasiwasi mtupu.

Tuelewane hapa: mimi ndiye ninayetaka kusomea kutibu watu wenye wasiwasi. Mimi! Niliyerudi nyumbani mara mbili asubuhi ya leo kuhakikisha nimezima pasi — na wala sikuwa nimepiga pasi.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa wodi yetu aliwahi kukaa kwenye jopo la usaili, kwa hiyo nimemvizia chumba cha chai. Anasema maswali ya kitabuni si tatizo. Tatizo ni chumba cha pili: unamkuta mtu amekaa, anaigiza mgonjwa, nawe una dakika nane za kuzungumza naye huku wanakutazama. Wengi huangukia hapo, kwa sababu wanakimbilia kushauri kabla hawajasikiliza. Akaniangalia kwa huruma, akaongeza sukari kikombeni. Nikamwuliza, kwani mimi nina tabia hiyo? Kabla hajajibu nikamshauri apunguze sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala. Nimemfundisha mgonjwa wa kitanda cha nne namna ya kupumua hofu ikimpanda: vuta kwa pua, shikilia, toa taratibu kwa mdomo. Ameshika mara moja. Nilipomwonyesha tena nikapata kizunguzungu, nikakaa kitandani pake. Akasogea kunipisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba mama aigize mgonjwa. Kosa kubwa! Maelezo nilimpa vizuri: mwanamke wa makamo, hana raha, hataki kuonana na watu. Mama akaacha cherehani yake na nguo za wateja, akajifungia chumbani, akatoka na gauni la kutokea na mkoba. Mkoba wa nini? Eti hajapata kuona mtu anakwenda hospitali mikono mitupu. Halafu akaanza kukohoa. Mama, huyu haumwi kifua! Akasema basi apimwe tu, huwezi kujua.

Tukaanza. Karibu mama, unajisikiaje? Akasema, dakta, jirani ananimwagia maji machafu mlangoni. Jirani wa kweli! Kamtaja jina kabisa. Nikamshauri aongee na mwenye nyumba. Dakika mbili hazijaisha, nimeshashauri mambo matatu. Mama akafunga mkoba wake, akasimama, akasema hospitali hii harudi tena.

Nimecheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea yenyewe. Nikajitia nina mafua. Mama alirudi kwenye cherehani, lakini kwa muda mrefu sikuisikia ikilia.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi amepiga simu kunitakia heri. Kinyozi wa hapo kona naye amenisimamisha njiani, eti "daktari wetu". Kumbe mama katangaza mtaa mzima! Kila mteja anayepimwa nguo anapewa na habari zangu. Nimemwambia mimi ni muuguzi, na hata nikimaliza nitakuwa muuguzi, na nani kasema nitapata? Nimemfokea. Mama yangu mzazi! Sauti ilipanda mpaka nikajishangaa. Akajibu tu, haya mwanangu. Chakula changu amekifunika mezani. Sijakigusa.

Hongera, mtaalamu wa afya ya akili.

Jumanne, 11 Machi

Ni kesho. Leo siendi kazini, bora ningekwenda. Nimeipiga pasi blauzi ile ile mara tatu, ya tatu nikaunguza kola. Mama ameikata, ameshona nyingine.

Saa kumi nilikuwa mezani na vitabu, nimevitolea macho tu. Mama akatoka chumbani. Gauni la kutokea. Mkoba. Akapiga hodi kwa kugonga meza, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Nikamwambia mama, leo sina nguvu za kucheka. Akasema hata yeye hana. Akachukua simu yangu akaziweka zile dakika nane mwenyewe.

"Dakta, si mimi ninayeumwa," akaanza. "Nina binti."

Hakukohoa. Akasema binti yake hali chakula. Anatapika bafuni, na anafungulia bomba ili watu wasisikie, lakini nyumba yenyewe ndogo, kila kitu kinasikika. Nikafungua mdomo nimshauri. Nikaufunga. Nikamwuliza imeanza lini.

"Tangu nilipoanza kumtangaza kwa watu." Alikuwa anasokota mkanda wa mkoba. "Nilidhani namtia moyo. Sasa dakta, nikimwambia hata ukikosa si neno, ataona nimeshamkatia tamaa. Nikinyamaza, anazidi kukonda. Nimwambieje?"

Tukatazamana. Nilimwonea huruma, na aibu ikanijaa mpaka masikioni. Simu ikalia kwamba muda umekwisha. Nikasema naja, nachukua kalamu. Uongo mtupu, kalamu ilikuwa mkononi.

Niko chumbani, nimeegemea mlango, naandika mwandiko wa kuku. Jibu la kitabuni ninalo, nimelikariri na ukurasa wake. Lakini lile ni la kumpa mgonjwa, na mgonjwa akishapewa anaondoka kwenda kwake.

Huko nje sijasikia kiti kikisogea. Bado amekaa palepale, anasubiri nimwambie afanye nini na mimi.