Mlio wa Masikioni na Nyundo za Ami Bouazza

Mtaa wa Wafua Shaba,
Fes.
9 Machi

Mpendwa Kaka Larbi,

Salaam aleikum kutoka nyumbani. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Lyon? Shemeji Fettouma na watoto hawajambo? Mama ni mzima, anakula vizuri, na bado anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Mimi mwili hauna neno. Masikio ndiyo yamenigeuka. Yanalia kutwa, mlio mwembamba kama wa birika linalochemka chumba cha pili, na hakuna wa kuliepua. Daktari alisema ni nyundo zimeniumiza, na mlio wenyewe hauponi, unajifunza kuishi nao. Nizibe masikio kazini, niyapumzishe, na nyumbani nisikae kimya kabisa, redio iwe inasema kwa chini. Nimezoea, nalala. Hata yale maneno yako ya simuni, kwamba ni mawazo tu ninywe chai ya zaatari, nimeyameza.

La Ami Bouazza na karakana yake ya shaba ndilo limenikaa kooni. Nilikwenda kazini na vizibo vya pamba masikioni, akavichomoa kwa mkono wake mbele ya wateja.

"Jamani, bibi harusi wetu anaogopa kelele! Baba yako alifua masufuria maisha yake yote, uliwahi kumwona na pamba?"

"Baba alikufa kiziwi, Ami."

Nyundo zote zikasimama. Siku hiyo hiyo akanifukuza, mimi niliyemfulia masinia tangu sina ndevu, na nafasi yangu akampa mkwewe. Sasa nang'arisha trei za watalii kwenye kibaraza cha watu. Na wewe ukampigia kumwomba radhi kwa niaba yangu. Nani alikutuma, Larbi?

Juzi alikuja nyumbani. Chai akaikataa. Akachungulia jikoni kuhakikisha Mama hayupo, kisha akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi mtaani, "Allal, yule daktari wako anakaa wapi?"

Kumbe na yeye anao mlio, tena wa siku nyingi. Nilitamani kucheka, sikuweza. Nikamweleza yote: vizibo, mapumziko, redio. Akatega kiganja sikioni. "Sema kwa nguvu, mwanangu." Nikarudia kwa kupiga kelele, mpaka akaelewa.

Akashukuru, akavaa viatu, akaondoka. Kuhusu nafasi yangu hakutamka neno.

Nisalimie Shemeji, Zineb na Ilyas. Mama anakuombea kila swala. Mungu akupe afya, na kazi isiyokula mwili wako.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikiwa na hasira nawe,
Allal