Sauti ya Raheli Katika Wimbo wa Tano

S.L.P. 61,
Same,
Kilimanjaro.
Jumatano, 9 Julai 2025.

Mpendwa Kaka Loth,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, ingawa leo moyo wangu hauko mahali pa kumwamkia mtu. Habari za Tampere? Uliniambia kwamba miezi hii jua la Ufini halitaki kuzama. Natumaini unapata usingizi. Sisi hatujambo. Hapa Same ni upepo na vumbi, kama ilivyo kawaida ya mwezi wa saba, na huko nyumbani Mhezi ukungu umegoma kuondoka. Mama ni mzima isipokuwa goti. Victoria, mtoto wa marehemu dada yetu Raheli, yuko darasa la tatu na meno ya mbele yameshaota.

Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua hii na kukutumia, maana kwa posta haitakufikia kabla ya Jumamosi. Sikutaka kukurekodia. Siku hizi sauti ya mtu ikishatoka haijulikani itaishia wapi, nawe unajua kwa nini nasema hivyo.

Nimeisikiliza albamu yako, ile unayoimba kwa kunguruma. Nimeisikiliza yote, nikairudia, na nimenunua bando mara kadhaa kwa ajili yake. Mara ya kwanza nilikuwa masjala, kazini, kisikizio kimoja sikioni, upande usioelekea mlango wa bosi. Wimbo ulipoanza nilidhani simu imekufa. Mwanaidi, ambaye tunakaa naye meza moja, akachukua kisikizio cha pili.

"Astaghfirullah! Jenifer, hii si ndiyo ile frimasoni?"

"Hapana, ni kaka yangu."

"Basi mpelekeni akaombewe. Kuna kitu kimemkaba."

Lakini hakukirudisha. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha, akakunja mdomo, akasema, "Huyu anamlilia mtu." Hakuna mwanamuziki wa Dar atakayekusifu zaidi ya hapo, Kaka, kwa kuwa Mwanaidi hasifu kitu.

Mimi majina ya mambo haya siyajui, kwa hiyo nitasema nilivyosikia. Gitaa la wimbo wa kwanza linashuka chini kuliko gitaa linavyopaswa kushuka. Ni kama treni ya mizigo inapopita Makanya: kabla masikio hayajasikia, nyayo zimeshajua. Ngoma ni kokoto zinazomwagwa juu ya bati, ila kila kokoto imeangukia mahali pake, na ukisikiliza kwa makini unaweza hata kuzifuata kwa kidole mezani. Nilizifuata. Nilikuwa nikipanga majalada na kidole kikigonga, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe bosi aliniita jina bila mimi kuangusha kalamu.

Unanijua. Mimi ni yule aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kukohoa. Sikujua kwamba hasira inaweza kuwa kazi ya mikono, ikapimwa, ikakatwa, ikaungwa vizuri hivyo. Hasira yangu mimi huishia tumboni na kunipa vidonda.

Wimbo wa nne, ule usio na maneno, ulinirudisha kwenye mazishi ya Raheli. Ni gitaa moja tu linalokwenda polepole. Niliona lile tope, watu wakipokezana makoleo, na Baba mdogo Zephania amesimama na koti lake la suti, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa ndiva, bwawa letu la mashamba, akituambia maneno yale wanayoambiwa wafiwa wote: "Kazi ya Mungu haina makosa." Nasi tukaitikia Amina. Tuliitikia wakati ukuta wa ndiva uliompasukia dada yetu akifua nguo bondeni ulikuwa ukuta wa Baba mdogo, alioujenga yeye na kuusimamia yeye. Wewe hukuwapo, nauli haikupatikana. Ulijuaje uzito wa neno lile hata ukaiita albamu nzima Haina Makosa?

Sasa nakuja kwenye wimbo wa tano.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita nilipanda Mhezi. Mama akaniambia anataka kusikia kazi anayofanya mwanawe. Nilimweleza kwamba ni muziki mzito, akasema hata zege ni zito na watu wanalibeba. Alikuwa amekaa na ungo akichambua maharage ya makande. Nikaweka simu juu ya kinu, nikafungulia spika. Alivumilia. Wimbo wa kwanza aliuliza, "Nani anamkaba mwanangu?" Wa pili akauliza kama unakunywa maziwa ya kutosha kwa ajili ya koo. Nikawa nacheka, Kaka. Ule wa tano ulipoanza nilikuwa bado nacheka, kwa sababu kule ofisini nilikuwa sijaufikisha katikati. Kila mara bosi alikuwa anatokea.

Magitaa yakanyamaza yote, kisha Raheli akasema, "Kaka, nimemwambia Baba mdogo tena. Ukuta unatoka jasho huku chini. Anasema tusubiri mavuno. Haya, nisalimie theluji." Akacheka kile kicheko chake cha puani, na ngoma zikaporomoka juu yake.

Ungo ulianguka. Maharage yalikwenda mpaka mlangoni. Mama hakulia. Alisema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Nilirudisha mpaka Victoria akasimama mlangoni akauliza mama yake yuko wapi. Nikazima simu. Mama akasema maneno mawili: "Kumbe alimwambia."

Mama hakujua. Mimi sikujua. Wewe ulijua!

Miaka miwili, Loth. Naandika jina lako bila Kaka na sifuti. Miaka miwili umekaa na sauti hiyo aliyokurekodia kwenye simu yako. Sisi tulikuwa tunaambiwa kwamba mvua ilizidi, kwamba hakuna ambaye angeweza kujua, na tunaitikia Amina, nawe huko unaitafutia sauti ya dada yetu mahali pa kukaa katikati ya magitaa. Hukumwuliza Mama. Hukuniuliza mimi. Ungetutumia hata usiku wa msiba tungejua la kufanya, au angalau tungejua la kukataa kuitikia.

Halafu nikaitazama tena ile video uliyonitumia ya onyesho lenu. Wenzako wanaitikia "haina makosa" kama watoto wa chekechea wanaofundishwa sala. Mbele kuna kijana mwenye nywele kama mkia wa farasi, machozi yanamtoka, anaimba na wewe neno kwa neno, na hajui anaimba nini. Najua uliwaeleza kwamba ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji yanayonywesha mashamba ya bondeni. Je, uliwaeleza kwamba imejengwa upya? Mahali palepale, na mtu yuleyule, juu ya njia ileile anayopita Victoria kwenda shule? Umemfokea Baba mdogo mbele ya ukumbi mzima wa watu wasiomjua, na wanaomjua hukuwaambia hata kwa kunong'ona.

Mama alinieleza kwamba ndiva mpya ingefunguliwa Jumamosi iliyofuata. Akasema, "Mimi ni mke niliyeletwa katika ukoo huu. Baba yenu hayupo, na shemeji ndiye anayeshika mipaka ya shamba. Nikifungua mdomo nitaondoka na masufuria yangu. Wewe ni damu yao, tena umesoma." Nikamwambia siwezi. Akanijibu, "Kaka yako amepiga kelele mpaka mwisho wa dunia, na hapa Mhezi hakuna aliyesikia." Akaanza kuokota maharage, na goti lile.

Basi Jumamosi nilikwenda. Walikuwa wamejaza maji nusu kwa kujaribu. Nilishuka peke yangu hadi chini ya ukuta, nikaona doa jeusi kwenye udongo, nikaligusa. Kidole kilitoka kimelowa. Nilipanda juu, nikajificha nyuma ya Mama Fortunata, yule jirani yetu mnene mwenye sauti ya mnada.

Baba mdogo alivua kofia akaanza kuomba. Alipofika kwenye habari za msiba wetu akasema, "Tulipata pigo, ndugu zangu, lakini kazi ya Mungu haina makosa."

Nikasema, "Ya Mungu haina. Ya kwako inayo."

Nilisema kwa sauti ndogo mno. Nadhani nilitumaini hakuna atakayesikia. Lakini Mama Fortunata akageuka. "Umesemaje, Jenifer? Sema kwa sauti, wenzako huku nyuma hatusikii!"

Nikarudia, na sauti ikanipasuka kama ya mbuzi. Watu wakacheka. Baba mdogo naye alicheka. "Karani huyo! Amezoea kugonga mihuri, leo amekuja kunigonga mimi."

"Ukuta unatoka jasho," nikasema. "Raheli alikuambia."

"Raheli yupi?"

"Dada yangu."

"Marehemu?" Akawageukia watu. "Jamani, siku hizi marehemu wanapeleka taarifa masjala."

Wakacheka tena, lakini safari hii wachache. Mama Fortunata hakucheka. Alivua kanga yake ya begani, akateremka taratibu akishikilia majani, akaibandika kanga chini ya ukuta, akaipandisha juu ya kichwa chake ili kila mtu aione. Ilikuwa inachuruzika. Vijana wawili wakaenda wakazibua mlango wa maji bila kumwuliza mwenyekiti, na ndiva ikamwagwa yote.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Kwenye nyimbo zako pangekuwa ndipo mwisho, ngoma zikanyamaza. Huku watu wana maharage shambani, Kaka, na maharage hayana maji. Leo ni siku ya nne na watu wameanza kunitazama mimi badala ya ukuta. Baba mdogo anasema unyevu kidogo kwenye ukuta mpya ni kawaida, utakauka, na kwamba Raheli hakuwahi kumwambia chochote. Ameitisha mkutano mwingine Jumamosi hii, saa nne asubuhi, palepale. Ama nilete mtu wa kuthibitisha kwamba aliambiwa, ama niombe radhi mbele ya wote na maji yajazwe siku hiyohiyo. Jana alimpigia bosi wangu. Bosi ameniuliza kama mkataba wangu unaisha mwezi gani, na anajua unaisha mwezi gani.

Naogopa. Lakini njia ya Victoria inapita chini ya ukuta ule kila asubuhi, na nikiomba radhi Jumamosi, Jumatatu atapita chini ya maji.

Nilifikiri nipige wimbo wa tano pale mkutanoni. Mama amekataa. Anasema mwanawe Raheli hatapigwa hadharani kama redio ya kinyozi. Nami naona yuko sahihi. Nani ataamini sauti iliyokaa katikati ya magitaa? Watasema umeitengeneza kwa kompyuta, au watasikia ngoma zile wakaanza kukemea mapepo, na ukuta usahauliwe.

Kwa hiyo sikuombi wimbo. Wimbo ni mzuri. Nautunza, na nikiwa peke yangu nitaendelea kuusikiliza kwa sababu ndio ulionisimamisha pale juu nilipotaka kukimbia. Nakuomba upige simu Jumamosi saa nne. Wakati huu wa kiangazi chenu saa ya huko na ya huku ni moja, hivyo usinitafutie kisingizio. Nitaweka spika na Mama Fortunata ataishika simu juu. Usingurume. Tumia sauti ile unayomwambia nayo Mama kwamba umeshiba. Mwamkie Baba mdogo kwanza, asije akapata pa kukushikia, kisha sema: "Raheli aliniambia kwamba alikuambia, na wewe ukasema tusubiri mavuno." Basi. Neno moja la ziada na watasema umefundishwa na wazungu.

Usipopiga nitasimama peke yangu na sauti yangu ya mbuzi, na sitaomba radhi.

Mama anakusalimu, zaidi ya hapo hajasema, na mimi sikumbembeleza aseme. Victoria anauliza kama theluji ina ladha. Mwanaidi anakusalimu na anasema bado anakuombea. Wasalimie wenzako wa bendi, uwaeleze maana ya maneno wanayoitikia.

Mungu akulinde ugenini, na Jumamosi akupe koo.

Mdogo wako anayekupenda na kukukasirikia kwa moyo uleule,

Jenifer