Jonah Bado Anatembea

Kambu, 14 Februari 1993

Kwa dada Mbinya,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto na vumbi la barabara. Mimi niko sawa, Hooyo mama yangu yuko sawa ingawa miguu inamsumbua, na duka linajikokota. Natumai wewe na baba yako Mzee Mutiso mko salama huko Nunguni na kabeji zimepata mvua.

Nimechelewa kuandika. Tangu mlipokuja kuuchukua mwili wa kaka yako Jonah mwezi wa Novemba sijajua niseme nini. Mzee hakusalimia mtu hapa siku hiyo, na hakuna aliyemlaumu. Lori ile ilipokosa breki na kuingia kibanda chake cha panchari, mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara napimia mtu sukari. Mpaka leo nikisikia lori inapunguza gia, mkono unasimama.

Sasa kuna jambo. Unakumbuka ile mashine ya gemu mjomba wangu Dirie alituletea kutoka Mombasa, na ile kaseti ya Kijapani uliyocheza ulipotutembelea likizo? Jonah alikuwa analala chumba cha nyuma ya duka, na mashine ilibaki humo. Nimeiwasha mara ya kwanza tangu afariki. Mchezo wake bado umo. Yule kijana wa kitambaa cha bluu alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya paa jekundu, pale pale Jonah alipomwacha. Nilimtazama tu. Sikugusa kitu, nikazima.

Juzi nikawasha tena. Mbinya, hakuwa pale. Alikuwa kwenye ule mji wa theluji, upande mwingine kabisa wa dunia yao.

Ufunguo wa chumba hautoki hapa nyumbani. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mtu mwingine aliyewahi kuicheza.

Kaka yako,
Aftin


Nunguni, 3 Machi 1993

Kwa kaka Aftin,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na wewe utajibu kwa njia yenu, tumeshazoeana. Mfungo uwe mwepesi kwako na kwa mama Istahil. Hapa ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nimewasha jiko mchana. Baba yuko. Anakula kidogo.

Tafadhali usinitishe. Kama kijana amehama, basi mashine imeharibika. Na hata ikiwa nzima, ile gemu mimi sikuipenda, na Jonah nilimwambia. Unatembea kidogo, skrini inazunguka, mnyama anatokea, mnapigana, unatembea tena. Ukiingia mjini kila mtu anakuambia maneno yale yale hata umrudie mara ngapi. Halafu yote ni herufi za Kijapani ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezijua. Kitu pekee kilichonibaki ni muziki wa ule mji wa theluji. Naosha vyombo na hii baridi yetu, unanijia.

Lakini nataka kukuuliza. Unakumbuka Jonah alivyokuwa akitusomea zile herufi kama anazielewa? Mimi aliniambia yule kijana ametoroka kwao, na kila mji anaofika anauliza njia ya kwenda mbali zaidi. Wewe alikuambia nini?

Sababu ya kuuliza ni baba. Jonah alipokataa chuo cha Biblia, baba alimwambia akitoka asigeuke nyuma. Na hakugeuka. Hakuja Krismasi hata moja, hakutuma salamu kwa baba, kwangu tu. Siku hizi baba anakaa nje na koti lake, haongei, na mimi najua anajiuliza kama kijana wake alimchukia mpaka siku ile. Mama angekuwa hai angejua la kusema.

Dada yako,
Mbinya


Kambu, 29 Machi 1993

Kwa dada Mbinya,

Salamu za Idd, ingawa imeshapita. Hooyo alikuwekea halua lakini dereva wa kabeji niliyetaka kumpa hakusimama. Tuko wazima. Msalimie Mzee, hata kama hataitikia.

Kwanza nakataa maneno yako juu ya gemu. Zile nyingine za kuruka na kupiga risasi unazimaliza jioni moja na kesho umezisahau. Hii unakaa ndani yake. Unamwona kijana anatoka kwao hana hata kisu, anapigwa na kila kitu, na polepole anakuwa mtu. Na hao watu wanaorudia maneno yale yale ndio nilipenda. Ukirudi baada ya safari ndefu unawakuta pale pale, wanakungoja.

Lakini alichokuambia wewe sicho alichoniambia mimi. Kwangu alisema kijana anamtafuta baba yake. Baba alipotea zamani, na kila mji kijana anauliza kama kuna mtu amemwona. Nilipomwambia asome taratibu nami nijifunze, alicheka, akasema Kijapani hakisomwi taratibu.

Sasa sikia. Kijana amehama tena. Nilimkuta sokoni, ametazamana na mama anayeuza dawa. Kinachonitisha ni kwamba nguvu zake hazijapanda hata kidogo. Mtu akicheza lazima apigane, na akipigana namba zinaongezeka. Huyu anakimbia kila mnyama. Anatembea tu. Na katikati ya mfungo, alasiri, watu wote wamelala kwa joto, nilisikia ule muziki wako wa theluji kupitia ukuta. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa. Nikachukua ufunguo, nikafungua. Hakuna mtu. Niliweka mkono juu ya TV, Mbinya, ilikuwa na joto.

Kaka yako,
Aftin


Nunguni, 18 Aprili 1993

Kwa kaka Aftin,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Pasaka tumeimaliza kanisani, mvua ikatupiga njiani kurudi.

Hilo la TV sitaki kulisikia tena. Dada mmoja wa maombi nilimwambia kidogo tu, akasema kitu hicho kichomwe, mashine na kaseti, kabla hakijazoea nyumba. Sijui. Nikifikiria kumchoma yule kijana naona ni kama kumzika Jonah mara ya pili.

Nilimsomea baba barua yako, lile la TV nikaliruka. Alisikiliza akitazama migomba. Mwishoni akasema, "Mmoja anatoroka, mwingine anamtafuta baba yake. Haiwezi kuwa zote." Nikamwambia baba, huo ni mchezo, Jonah alikuwa anabuni. Akasema, "Hata mtu akibuni, anabuni kutoka mahali." Halafu akaongeza: "Muulize huyo Mwislamu. Hiyo nyumba ya paa jekundu ni ya nani?"

Tangu Novemba hakuwa ameuliza swali lolote. Basi nakuuliza.

Dada yako,
Mbinya


Kambu, 6 Juni 1993

Kwa dada Mbinya,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tuko salama, na nina hakika sasa kwamba sote tuko salama, kwa sababu mzimu wetu nimeukuta.

Ni Hooyo.

Nilikuwa nimetoka kwenda Makindu kununua unga, gari likaharibika kabla hatujafika mbali, nikarudi. Muziki ulikuwa unalia. Mlango haukufungwa. Hooyo amekaa kwenye kitanda cha Jonah, viatu amevua, ile rimoti ya mashine ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Huyu ni Istahil ambaye alikuwa akipita akisema gemu ni kazi ya wavivu. Hakushtuka. Akaniambia, "Nilimtoa kidogo anyooshe miguu. Amesimama mlangoni siku nyingi."

Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Wewe ungenifundisha namna ya kushinda."

Kumbe Jonah alikuwa akimwonyesha mchana mimi nikiwa dukani. Alikuwa akimwita mwaitu, kama mama aliyemzaa, hilo nilijua. Hili la gemu sikujua. Hooyo hapendi kupigana. Akiona mnyama anakimbia. Anachopenda ni kuingia nyumba za watu na kuwasalimia, moja baada ya nyingine, anasema huo ndio mji pekee ambako hakuna mtu ana haraka. Akimaliza kumtembeza anafungua ile orodha ya kuhifadhi mchezo, ili mashine ikumbuke alipo, ndipo anazima. Hivyo ndivyo Jonah alivyomfundisha. Siku ile ya TV ya joto alinisikia nikija, akatoka na kurudisha ufunguo mahali pake.

Nikamwuliza swali la Mzee. Akasema Jonah hakumwambia habari ya kutoroka wala ya kutafuta mtu. Kwake alisema kijana ameshamaliza kuzunguka. Amerudi. Ile nyumba ya paa jekundu ni kwao, na baba yake yuko ndani, na yeye amesimama nje anatafuta neno la kwanza. Hooyo alikuwa akimwambia, "Si uingie tu?" Jonah anamjibu, "Ngoja kidogo, mwaitu, bado anafikiria."

Alimwacha hapo. Asubuhi ya pili yake ndiyo lori ilikuja. Hooyo hajawahi kumwingiza. Anasema si kazi yake.

Sijui kama umwambie Mzee. Wewe unamjua.

Kaka yako,
Aftin


Nunguni, 27 Juni 1993

Kwa kaka Aftin,

Salamu kwako, na kwa mama Istahil salamu zangu za pekee. Mwambie nimelia lakini si vibaya.

Nilimsomea baba yote, hata la TV. Aliniambia nirudie pale pa mlangoni. Nikarudia. Akaingia ndani, nikasikia anasugua viatu. Alikuwa anavipaka rangi, vile vya kanisani, na ilikuwa Jumanne.

Atakuja tukishavuna. Hataki niandamane naye. Tafadhali usimsomee chochote asichouliza.

Dada yako,
Mbinya


Kambu, 22 Agosti 1993

Kwa dada Mbinya,

Najua Mzee amefika nyumbani, dereva aliniambia alimshusha hapo Nunguni na mzigo wa tende aliopewa na Hooyo. Pengine hajakuambia kitu. Acha mimi nikuambie.

Alifika saa ya chai. Alisimama kwanza ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na kibanda, kofia mkononi. Hatukumwita. Alipovuka, Hooyo alimpa maji ya kunawa na wakaketi, wazee wawili ambao Kiswahili chao kimoja hakifanani na cha mwingine, wakaongea habari za mvua na mbuzi. Kisha akasema, "Nionyesheni."

Tulimkalisha kwenye kitanda cha Jonah. Nikawasha. Hooyo alikuwa amemrudisha kijana mahali pake. Mzee akauliza, "Ni yupi?" Nikamwambia, huyo mwenye kitambaa cha bluu. Akamtazama sana. "Ni mdogo," akasema.

Hooyo akampa rimoti. Alibonyeza vibaya, kijana akageuka, akatoka mjini, na kabla sijamwonyesha, mnyama akatokea. Mzee aliudhika kweli. "Mbona wanampiga? Amewakosea nini?" Nilimsaidia, tukashinda, jasho linamtoka. Akamrudisha mwenyewe, polepole, mpaka mlango wa paa jekundu. Akapumzika hapo. Halafu akamwingiza.

Mimi nimeicheza miaka na sikuwahi kuona ndani. Ni chumba kimoja, moto, meza, mzee mmoja amesimama. Baba yako akamsogeza kijana mpaka karibu, akabonyeza, na zile herufi zikajaa chini ya skrini. Akatugeukia. "Anasema nini?"

Nilitaka kubuni kitu, kama Jonah. Hooyo akanishika mkono. Nje jenereta ya duka ilikuwa inanguruma.

Mzee akarudi kwenye skrini. Alisogeza kidole chini ya zile herufi kama mtu anayesoma Biblia, akasema taratibu, "Anasema, kaa chini. Chakula kiko. Umechelewa lakini chakula kiko."

Hakulia. Aliweka rimoti kitandani. Kisha akasema, "Sasa apumzike," na kabla sijafungua mdomo akainama, akang'oa waya ukutani, kwa upole, kama mtu anayezima taa ya mtoto aliyelala.

Kesho yake baada ya yeye kuondoka niliwasha. Mbinya, hakuna kitu. Mzee hakuhifadhi mchezo kwanza, na mashine haitaki kuzimwa ghafla vile. Au pengine ile betri ndogo ya ndani ya kaseti ilikuwa imechoka. Majina yote yamefutika, la Jonah na langu. Inauliza kama nataka kuanza upya.

Hooyo alitazama, akavaa viatu vyake, akaenda kuuza sukari. Mimi nikazima.

Kaka yako,
Aftin


Nunguni, 10 Oktoba 1993

Kwa kaka Aftin,

Nakusalimu. Mvua bado, tumepanda tukitumaini.

Baba amebadilika. Anakula. Amerudi kwenye kiti chake kanisani. Jumapili moja alinicheka nilipoangusha sufuria, nikasimama tu nikisikiliza hicho kicheko. Koti ameliweka kando.

Lakini kila siku ya soko, magari ya Kambu yakipita, ananiuliza. "Kuna habari? Kijana bado yuko ndani?" Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili nikasema nitauliza. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo uongo ni uongo, hata ule mdogo, na yeye ndiye aliyenifundisha. Siwezi kulitamka hilo neno, yuko. Nimejaribu nikiwa peke yangu shambani na halitoki. Na kumwambia ni yeye aliyemfuta kwa mkono wake mwenyewe, hilo pia siwezi.

Sasa amesema nikuandikie, na jibu ulipeleke kwake mwenyewe, kwa jina lake. Sitaliona kwanza. Andika utakaloona sawa. Sitakuuliza.

Dada yako,
Mbinya


Kambu, 7 Novemba 1993

Kwa Mzee Mutiso,

Shikamoo Mzee. Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba mvua iliyotunyeshea jana imewafikia na nyinyi. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana na anasema tende ziliisha lakini nyingine zinakuja na Dirie.

Mbinya ameniandikia kwamba unauliza juu ya kijana.

Yuko, Mzee. Yuko ndani, karibu na moto, vile ulivyomwacha. Chumba tumekifunga na mama ndiye anakaa na ufunguo. Hakuna mtu anayemtoa tena.

Mwanao,
Aftin