Sukari Si Uzinzi

Nanyala, Mbozi,
15 Juni, 1953.

Mpendwa Dada Yunisi,

Hujambo huko Luanshya? Shemeji Raphaeli na watoto hawajambo? Kifua chako je, vumbi la mgodi limekiachia? Sisi tupo, kahawa imeiva vizuri, ila mimi nimechoshwa na watu.

Haya siwezi kumwandikia mwingine. Tangu Pasaka ya mwaka jana nilikuwa nawashwa sehemu za siri, na nikikutana na Danford naumia kana kwamba nachanika. Nikawa namkwepa mume wangu. Mama mkwe akapata la kusema: eti nimeleta ugonjwa wa zinaa kutoka Ivuna, nilikokwenda mara mbili kununua chumvi. Danford akaamini! Akahamia kwa mama yake. Wazee wa kanisa hawakuniuliza hata neno moja. Walisimama Jumapili wakatangaza kwamba Loisi ametengwa na Meza ya Bwana.

Nikaenda hospitali ya misheni kwa miguu. Muuguzi Tupokigwe alichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali.

"Mama, hii ni sukari," akaniambia. "Ikizidi mwilini, huko chini huota ukungu na kukauka. Zinaa huna."

Nikamwita Danford aje aone kwa macho yake. Alikuja amenuna. Mkojo wake ulipochemshwa na dawa ileile, ukabaki buluu, maana yeye hana sukari. Akainama.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanamume?"

"Alikuwepo mmoja," nikamjibu, "akakimbilia kwa mama yake."

Amerudi. Sindano yangu ya asubuhi, ya dawa ya kushusha sukari, anaichemsha mwenyewe. Muwasho umekwisha, maumivu hunirudia siku nyingine, lakini nikisema leo hapana, ananielewa.

Wazee ndio wananimaliza. Wamemtuma Mzee Ezron: nirudi kimyakimya, yaishe. Kimyakimya! Nimemwambia, mlinitoa kwa sauti, nirudisheni kwa sauti. Mpaka hapo nakaa benchi la nyuma, na kila mwanamke anayeniuliza kwa nini, namweleza ugonjwa wote bila kuficha.

Jana waliniuliza wanne. Wawili wakanifuata hadi nyumbani, wakafunga mlango, wakalia. Nao wanawashwa, na hawajamwambia mtu. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali, watatu.

Nisalimie Shemeji na watoto, Tabita na Lusubilo. Bwana awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Loisi